Mwenye Duka Dogo Aandike Nini Katika Tovuti Yake?

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ilitosha wakati muuzaji na mnunuzi walipokutana sokoni, mnunuzi akaishika bidhaa mkononi, akaigeuza na kuinusa, kisha akatoa fedha. Siku hizi mnunuzi aliyeko Kigali, kilomita zipatazo 150 kutoka mjini Gisenyi, hutaka kujua habari za viazi vilivyoko ghalani kabla hajakodi lori. Kizuri kilichofungiwa ghalani hakiwezi kujiuza. Chahitaji wa kukisemea, na katika biashara nyingi za leo msemaji huyo ni tovuti, inayosomwa usiku na mchana na watu ambao mwenye duka hajapata kuwaona.

Wako wanaodhani kuwa tovuti ni kazi ya fundi wa kompyuta peke yake. Ni kweli kwamba fundi ndiye ajengaye. Lakini yaliyomo, yaani maneno, bei, picha na maelekezo, hayawezi kutoka kwake, kwa kuwa yeye hajui ghala wala hamjui mteja. Akiachiwa kazi yote, mara nyingi hunakili maneno ya tovuti nyingine na kubadilisha jina tu. Ndiyo sababu tovuti nyingi za biashara ndogo zimefanana kama sare, na mnunuzi akizisoma hapati habari hata moja ya kumsaidia kukata shauri.

HALI YA CYANZARWE

Cyanzarwe ni mojawapo ya tarafa 12 za wilaya ya Rubavu, magharibi mwa Rwanda. Udongo wake ni ule mweusi wa volkeno, na wakulima wa upande huo hustawisha viazi mviringo, vitunguu, karoti na maharage. Mji wa Gisenyi uko karibu, kando ya Ziwa Kivu, na ng'ambo ya mpaka uko mji mkubwa wa Goma, ambao kwa miaka mingi umekuwa mlaji mkuu wa mazao ya upande huu.

Mfano uwe mke wa askari mmoja, mwenye ghala dogo la mazao katika tarafa hiyo. Mumewe yuko kazini mbali na nyumbani. Mshahara hulisha nyumba; faida ya ghala hulipa karo za watoto na kuweka akiba kidogo. Mama huyo yuko shambani asubuhi, ghalani mchana, jikoni jioni. Simu inapolia naye amejitwisha gunia, hawezi kuipokea, na mnunuzi asiyejibiwa humpigia mwingine. Kwa mtu kama huyo tovuti si pambo. Ni msaidizi wa kujibu wakati mwenyewe ana kazi nyingine.

Lakini msaidizi mwongo ni hasara kuliko kutokuwa naye. Tovuti ikisema kuwa vitunguu vipo, mfanyabiashara akakodi lori kutoka mbali, akafika akakuta ghala tupu, hasara yake ni ya mafuta, ya dereva na ya siku nzima. Hatarudi tena, na atawaeleza wenzake. Kwa hiyo kila neno lililoandikwa humo lihesabiwe kuwa ahadi aliyopewa mtu ambaye atatoa fedha zake kwa kuliamini.

MASWALI YA MTEJA NDIYO MWANZO

Kabla ya kuandika sentensi hata moja, mwenye duka achukue daftari la shule na kalamu, aviweke karibu na simu. Kwa muda wa majuma mawili aandike kila swali analoulizwa na wateja, kwa maneno yale yale waliyoyatumia. Asiyatengeneze wala asiyafupishe. Mwishoni ahesabu ni swali lipi limerudiwa mara nyingi zaidi.

Mama wa mfano wetu pengine atakuta maswali kama haya. Una viazi vya aina gani? Kilo ni bei gani leo? Nikinunua nyingi utapunguza? Ghala liko wapi hasa? Lori linafika mlangoni? Mvua ikinyesha je? Mnapokea fedha za simu? Nikifika Jumapili nitamkuta mtu? Kuna anayesema Kiswahili? Gunia lenu lina kilo ngapi?

Maswali hayo kumi ndiyo tovuti yenyewe. Swali lililorudiwa mara nyingi lijibiwe juu kabisa, na lililoulizwa mara moja likae chini. Jambo ambalo hakuna aliyeliuliza, kama vile historia ndefu ya mwanzo wa duka, laweza kuachwa au kuwekwa mwisho. Kurasa nyingi si lazima. Ukurasa mmoja uliojibu maswali kumi kwa usahihi hufanya kazi kuliko kurasa nane zilizojaa salamu.

MAJIGAMBO HAYAUZI

Watu wengi wakishika kalamu kuandika habari za biashara yao hubadilika sauti. Mtu ambaye sokoni husema wazi, "Hivi vimechimbwa jana, na hivi ni vya juma lililopita," akiandika husema hivi: "Sisi ni kampuni inayoongoza katika utoaji wa huduma bora zenye viwango vya kimataifa kwa wateja wetu wote." Maneno hayo yaweza kubandikwa kwenye duka la viatu, kinyozi au karakana ya magari bila kubadilishwa hata moja. Neno lifaalo kila mahali halimwambii mnunuzi kitu.

Jambo hilo limewahi kupimwa. Mwaka 1997 Jakob Nielsen, mtaalamu mzaliwa wa Denmark, pamoja na mwenzake John Morkes, walichunguza nchini Marekani jinsi watu wasomavyo tovuti. Waliona kwamba asilimia 79 ya watu waliowajaribu walipitisha macho tu juu ya kila ukurasa mpya, na asilimia 16 tu ndio waliosoma neno kwa neno. Kisha walichukua tovuti moja ya habari za utalii katika jimbo la Nebraska, wakaiandika kwa namna mbalimbali. Namna ya kwanza ilijaa sifa za kitangazaji. Waliyoipunguza maneno hadi karibu nusu ilifaa kwa wasomaji kuliko ile ya kwanza kwa asilimia 58. Waliyoipanga upya ili jicho lipate pa kushika, kwa vichwa vidogo na orodha, iliizidi kwa asilimia 47. Waliyoiondolea majigambo tu, ikabaki na habari tupu, iliizidi kwa asilimia 27. Na ile iliyotiwa yote matatu pamoja iliishinda kwa asilimia 124.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Msomaji akikutana na sifa nyingi hulazimika kuzipepeta ili apate punje ya ukweli, naye huchoka. Wengi huondoka kabla ya kumaliza kupepeta.

Basi mama wa Cyanzarwe angeweza kuandika hivi:

"Viazi mviringo aina ya Kinigi, vitunguu na karoti kutoka Cyanzarwe, Rubavu. Tunauza kwa jumla, kuanzia kilo 100. Kila gunia hupimwa mbele ya mnunuzi. Ghala hufunguliwa Jumatatu hadi Jumamosi. Lori la tani 5 hufika mlangoni wakati wa kiangazi. Mvua zikizidi, mzigo huletwa kwenye barabara ya lami. Tafadhali piga simu siku moja kabla ya kuja."

Hapana sifa hata moja katika maneno hayo, lakini mnunuzi akiyasoma anajua kinachouzwa, anajua kama lori lake litafika, na anajua la kufanya. Neno "bora" halikuandikwa. Ubora umeonekana katika sentensi isemayo kuwa gunia hupimwa mbele ya mnunuzi.

Jina la mahali nalo lisiachwe. Kusini mwa Rwanda uko ushirika wa wakulima wa kahawa wa Abahuzamugambi, ulioanzishwa mwaka 1999 huko Maraba. Mwaka 2003 kahawa yao iliuzwa katika maduka ya Sainsbury's nchini Uingereza ikiwa na jina la Maraba, badala ya kuchanganywa na kahawa ya kila mahali na kupotelea humo. Mnunuzi aliyependa ladha yake alikuwa na jina la kuliulizia tena. Viazi si kahawa, na Goma si London, lakini kanuni ni moja: anayeandika "mazao ya kijijini" amejificha, na anayeandika "Cyanzarwe, wilaya ya Rubavu" amejulikana, na hata mitambo ya kutafuta habari kama Google itampata kwa urahisi.

KIPIMO, FEDHA NA SAA

Katika biashara ya mpakani magomvi mengi huzaliwa na maneno matatu: gunia, bei na saa. Yafaa yaandikwe kwa uangalifu.

Gunia si kipimo. Moja huweza kubeba kilo 80, jingine kilo 100 au zaidi, kwa kadiri lilivyojazwa na kushonewa. Aandikaye bei ya gunia bila kutaja kilo anaalika ugomvi mlangoni kwake. Bei iandikwe kwa kilo, na uzito wa gunia utajwe.

Bei nayo itajwe pamoja na jina la fedha. Mjini Goma watu hutumia faranga za Kongo na dola za Marekani, na upande wa Rwanda hutumia faranga za Rwanda. Neno "faranga" peke yake halitoshi. Kwa kuwa bei ya viazi hupanda na kushuka kwa majira, kila bei ifuatwe na tarehe yake: "Bei ya leo, tarehe fulani." Asiyeweza kuibadilisha kila juma afadhali aandike kuwa bei huulizwa kwa simu, kuliko kuacha bei ya mavuno yaliyopita ikining'inia.

Saa ni mtego mwingine. Msemaji wa Kiswahili akisoma "saa 2 asubuhi" huelewa kuwa jua limekwisha kuchomoza. Mwingine aliyezoea hesabu ya Kifaransa au Kiingereza aweza kuelewa saa za usiku wa manane. Njia salama ni kuandika kwa tarakimu za saa 24, yaani 08:00 hadi 17:00. Aidha, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi asubuhi ni wakati wa umuganda, kazi ya pamoja ya wananchi, na biashara nchini Rwanda hufungwa. Mwenyeji analijua jambo hilo, lakini mgeni hajui. Sentensi moja katika tovuti itamwokoa na safari ya bure.

Saa za mpaka zisiandikwe kana kwamba hazibadiliki. Mwezi Machi 2020 mpaka huo ulifungwa kwa wasafiri wa kawaida kwa sababu ya maradhi ya Uviko-19, na baada ya hapo masharti ya kuvuka yamebadilishwa mara kadhaa. Mwenye duka amshauri mnunuzi aulize kwanza, asimwahidi jambo lililo mikononi mwa serikali.

LUGHA YA MNUNUZI

Mwezi Februari 2017 Bunge la Rwanda lilipitisha sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Ng'ambo ya mpaka Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Kongo. Kwa hiyo tovuti ya Cyanzarwe iliyoandikwa kwa Kiingereza peke yake imewageuzia kisogo wateja wake wa karibu.

Si lazima kila kitu kiandikwe kwa lugha nne. Kinyarwanda na Kiswahili vyatosha kwa mwanzo, mradi kila lugha iandikwe na mtu anayeisema. Tafsiri ya mashine, isiposomwa tena na mwenye lugha, yaweza kugeuza karoti ikawa kitu kingine. Jina la bidhaa yenyewe ndilo liandikwe kwa lugha zote. Neno "viazi" peke yake laweza kumfanya mmoja awaze viazi mviringo na mwingine viazi vitamu, lakini Mnyarwanda akiona "ibirayi" hawezi kudhani kuwa ni "ibijumba". Mfaransa naye atatafuta "pommes de terre". Kuyaweka majina hayo yote katika mstari mmoja hakugharimu kitu, na kila mtu atafutaye kwa lugha yake atafika.

PICHA

Picha ziwe chache na ziwe za kweli. Picha ya viazi vinavyong'aa, iliyochukuliwa katika tovuti ya nchi nyingine, ni uongo uleule wa maneno, tena ni mali ya mtu. Picha tatu zinatosha: moja ya mazao yakiwa juu ya mizani, moja ya mlango wa ghala jinsi uonekanavyo kutoka barabarani, na moja ya gunia lililofungwa tayari. Zipigwe asubuhi, jua likiwa halijawa kali, na lenzi ya simu ifutwe kwanza.

Uzito wa picha uangaliwe. Picha iliyotoka katika simu yaweza kuwa na megabaiti 4, na mnunuzi anayenunua intaneti kwa fedha kidogo kidogo hatangoja ifunguke. Ipunguzwe hadi chini ya kilobaiti 200. Programu za kupunguza picha zipo katika simu, na fundi yeyote aweza kuonyesha. Ukurasa wa kwanza kabisa wa mtandao, uliotolewa na Tim Berners-Lee huko Geneva mwaka 1991, haukuwa na picha hata moja, nao ulisomeka.

Anayepigwa picha aombwe idhini, awe mfanyakazi au mteja. Sheria ya Rwanda Namba 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 inalinda habari za mtu binafsi, na sura ya mtu imo katika habari zake. Watoto ni vema wasionekane kabisa.

HABARI ZA KAZI ZISIINGIE DUKANI

Kwa familia za askari na polisi liko jambo moja la kuzingatiwa zaidi. Mwenye duka aweza kudhani kuwa, akitaja kazi ya mumewe au akiweka picha yake amevaa sare, wateja watamwamini. Hilo lisifanywe. Sare ilitolewa kwa ajili ya utumishi wa taifa, haikutolewa kuvutia wanunuzi wa vitunguu. Zaidi ya hayo, kikosi alichomo mtu, mahali alipotumwa na tarehe atakayorudi likizo si habari za kuwekwa mahali zinaposomwa na dunia nzima. Hata sentensi nyepesi kama "baba watoto yuko safarini hadi mwezi wa nane, kwa hiyo piga simu kwangu" imemweleza mwizi kwamba nyumba haina mwanamume hadi mwezi wa nane.

Anwani iandikwayo iwe ya ghala, isiwe ya nyumba ya kulala. Namba ya simu ya biashara iwe mbali na ile ya familia. Inapotajwa namba ya kupokelea fedha, jina lililoandikishwa kwa namba hiyo liandikwe pia, ili mnunuzi alilinganishe na jina linalotokea kwenye simu yake kabla hajatuma. Kisha sentensi hii iongezwe: "Hatumwombi mteja namba yake ya siri kwa sababu yoyote." Matapeli huiga majina ya maduka ya watu waaminifu, na tahadhari iliyoandikwa mapema huwalinda wote wawili.

UTUNZAJI

Mwenye duka aliyekwisha kuandika asione kuwa kazi imekwisha. Kwanza ampe simu jirani asiyejua biashara hiyo, aisome tovuti kwa dakika moja, kisha amwulize mambo matatu: Kinauzwa nini? Kiko wapi? Ukitaka kununua utafanyaje? Jirani akikosea moja, kosa si lake. Sentensi inayohusika iandikwe upya.

Baada ya hapo siku moja ya juma itengwe, kama vile siku ya kufua inavyotengwa, kwa ajili ya kuipitia tovuti. Kilichokwisha ghalani kifutwe siku ile ile. Bei ibadilishwe pamoja na tarehe. Namba ya simu ipigwe ili kuhakikisha kuwa inalia. Swali jipya lililoulizwa na wateja watatu liongezewe jibu. Kazi yote haizidi nusu saa, na mtoto wa sekondari aweza kuisaidia chini ya uangalizi wa mama.

Jina la tovuti lina ada ya kila mwaka. Majina ya Rwanda huishia na .rw, kama ya Kenya yaishiavyo na .ke na ya Tanzania na .tz. Jina hilo liandikishwe kwa jina la mwenye duka, lisiwe la fundi, na tarehe ya kulipia iandikwe katika kalenda ya ukutani pamoja na tarehe ya karo. Wako waliopoteza jina walilolijenga kwa miaka kwa sababu fundi alihama na maneno ya siri akaondoka nayo.

Mnunuzi akishafika ghalani, akakuta viazi ni vile vile alivyovisoma, kilo ni zile zile na bei ni ile ile, hapo ile methali ya wahenga hufanya kazi yake tena, na kizuri kikajiuza chenyewe.